HARUSI YA MWAIRISHI NA MWAUSTRALIA: MNACHEKA PASIPOCHEKESHA, PANAPOUMA MNAPIGA MAKOFI

Wadau, leo siji kwa kubembeleza. Ile klipu ya harusi iliyozunguka wiki nzima kwenye magrupu, ya yule jamaa wa Ireland na yule dada wa mitindo wa Australia (majina siweki, anayewajua anawajua), nimeitazama mara nne. Harusi imefanyika Sydney, pembeni ya maji, chini ya miti, watu wamependeza hatari. Tatizo langu kubwa ni nyinyi. Mmecheka pale pasipochekesha, halafu penyewe panapouma mmetuma vikopakopa.

Maneno niliyoyaona zaidi ni haya: eti harusi imechanganya tamaduni mbili, tamaduni zipi wakati wazungu ni wazungu tu? Hii kauli mnaipenda sana. Mzungu akisema Waafrika wote ni wale wale, mnawasha moto, mnamfundisha jiografia mpaka anafunga akaunti. Ila nyie mkimsema yeye hivyo hivyo, unakuwa utani.

Haya, twende taratibu. Bwana harusi ametoa kiapo chake kwa Gaeilge, yaani Kiairishi, lugha ya kwao. Sio Kiingereza cha lafudhi, ni lugha nyingine kabisa, hata Mwingereza hashiki neno. Mtu mmoja akaandika "huyu anaongea Kirusi au kalewa?", na watu mia mbili na ushee wakacheka.

Hiyo lugha mnayoicheka, katiba ya Ireland inaitaja kuwa lugha rasmi ya kwanza ya nchi. Lakini ukienda Dublin leo, mtaani utasikia Kiingereza tu karibu muda wote. Mmejiuliza kwa nini? Nchi ilitawaliwa na Waingereza mamia ya miaka. Mwaka 1845 viazi vikaanza kuoza shambani, na viazi ndio ulikuwa ugali wa maskini kule. Njaa ikapiga mpaka 1852 hivi. Watu kama milioni moja wakafa, wengine zaidi ya milioni wakapanda meli wakaondoka. Waliopigwa zaidi ni wa vijijini upande wa magharibi, na wao ndio walikuwa wanaongea Kiairishi. Lugha ilikufa na watu wake. Kwa hiyo kijana wa leo anaposimama mbele ya watu na kusema "nakuoa" kwa ile lugha, hafanyi mbwembwe. Wewe unayemcheka, bibi yako anaongea Kihehe unaelewa nusu, na hiyo nusu yenyewe ni salamu.

Mkahamia kwenye utepe. Eti "mbona wanafungwa mikono kama wezi wa kuku". Jamani! Sisi wenyewe tunasema kufunga ndoa, tunasema kufunga pingu za maisha. Wenzenu wamefunga kweli, mkono juu ya mkono, utepe unapita, fundo linakaza. Tena ukiwasikiliza wenyewe watakwambia ni mambo ya Wakelti wa zamani yaliyofufuliwa siku hizi. Kufufua sio dhambi.

Na ile pete iliyowashinda kuielewa, ya mikono miwili imeshika moyo na taji juu, inaitwa Claddagh, jina la kijiji cha wavuvi pembeni ya mji wa Galway. Mikono ni urafiki, moyo ni mapenzi, taji ni uaminifu. Ukiivaa mkono wa kulia na ncha ya moyo imeelekea kwenye kucha, maana yake upo upo tu, njooni. Ukiigeuza ncha ikuelekee wewe, una mtu. Ikihamia mkono wa kushoto na ncha bado inakuelekea, umeshaolewa, watu wakae mbali. Yaani hawa watu walikuwa na status kabla ya WhatsApp. Mama wengi humwachia binti yake. Hiyo sio "pete ya katuni", kama alivyoandika mdau mmoja ambaye pete yake ya uchumba nina mashaka nayo.

Kuna jambo moja nalipenda hata kama halikuonekana kwenye klipu. Kwa Waairishi wengi, usiku wa kuamkia harusi, sanamu ndogo ya mtoto Yesu, ile ya Prague, inawekwa nje bustanini ili mvua isinyeshe kesho yake. Msianze kucheka. Nyie ndio mnaochangishana kwenye kamati kumtafuta mzee wa kuzuia mvua siku ya sendofu.

Sasa tuje upande wa bibi harusi, na hapa ndipo nimewakasirikia kweli.

Dakika ya mwisho ya klipu, sherehe imechanganya, mpambe wa bwana harusi anatokea amejichora madoadoa meupe usoni na kifuani. Kashika dijeridu, lile bomba refu la mti linalotoa sauti nzito kama ng'ombe yupo chini ya ardhi. Anapuliza ovyo, anarukaruka kama kangaruu, wageni wanaanguka kwa kicheko. Maandishi juu ya video: "upande wa Australia". Hapo ndipo mlipotuma vikopakopa vyenu. "Wamejua kuchanganya tamaduni!" Sipingi kwamba mlifurahi. Ninauliza mlifurahia nini.

Lile bomba lina wenyewe. Linatoka kaskazini ya mbali ya Australia. Watu wa Yolngu wa kule Arnhem Land wanaliita yidaki, na linatengenezwa kwa mti ambao mchwa wameshautoboa ndani. Sydney ni nchi ya watu wengine, Wagadigal, na iko maelfu ya kilomita kutoka huko. Wakati Waingereza wanafika na meli za wafungwa mwaka 1788, bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250, na watu wake walikuwa wameishi pale zaidi ya miaka 50,000. Kupuliza dijeridu Sydney ukasema hii ndiyo Australia ni sawa na kucheza sindimba Bukoba ukawaambia watu hii ndiyo ngoma ya Wahaya. Wamakonde watashangaa, Wahaya watakufukuza.

Na yale madoa ya usoni sio mekapu. Michoro ya mwili kwa wenyewe ina ukoo wake na sherehe zake, sio kila mtu anachora kila kitu. Serikali ya Australia kwa miaka mingi ilikuwa inawachukua watoto wa Waaborijini kwa nguvu kutoka kwa mama zao, wanapelekwa kulelewa kizungu, wengi wao wakakatazwa lugha yao. Waziri Mkuu alisimama bungeni kuomba radhi Februari 2008. Wengi wenu mlikuwa mmeshazaliwa, mko shuleni. Kwa hiyo wapo watu wazima leo, wanatembea, wana simu, wameiona hiyo klipu, na walichukuliwa utotoni wasijue hiyo michoro. Halafu jamaa anaichora kwa utani akiwa na glasi mkononi.

Kinachonikata maini ni kwamba upande mmoja wa harusi unalilia lugha iliyonyang'anywa, upande wa pili unachezea mali ya watu walionyang'anywa. Harusi moja, siku moja, watu wale wale. Bwana harusi alitakiwa kuwa wa kwanza kuinuka kitini. Tena hao Waairishi wana historia na lile bara. Meli ya kwanza ya wafungwa kutoka Ireland moja kwa moja ilifika Sydney mwaka 1791, na zikafuata nyingine nyingi. Walienda na minyororo, wengi wakabaki na ardhi. Ardhi ya nani? Ndio hiyo.

Najua utetezi unaokuja. "Harusi yao, hela yao, waacheni." Vinywaji vyao, ndiyo. Keki yao, ndiyo. Dijeridu sio yao. "Bibi harusi ni Mwaustralia, ana haki." Ana haki ya mambo ya kwao, na anayo tele. Pavlova ilikuwepo mezani, ile keki ya ute wa mayai na matunda ambayo wanagombea na watu wa New Zealand nani aliianza. Nyama za kuchoma zilikuwepo. Ndoa imefungishwa na mama wa kiraia chini ya mti, sio kanisani, na Waaustralia wengi sana siku hizi wanaoana hivyo hivyo. Baba mtu kwenye hotuba yake kamsema mkwe mpaka mkwe akaona haya, ndio mapenzi yao hayo. Yote hayo ni Australia yake halali. Hakuna aliyeyapa kichwa cha habari kwa sababu hayana rangi usoni.

Na kama kweli walitaka wenye nchi wawepo, njia ipo na kila Mwaustralia anaijua. Unamwalika mzee wa jamii ya pale pale, anakuja kukukaribisha rasmi kwenye ardhi yao, wakati mwingine na moshi wa majani mabichi. Unamlipa kama unavyomlipa mpiga picha. Akikosekana, mwenyeji yeyote anaweza kusimama na kuwataja kwa heshima kwamba tuko kwenye nchi ya fulani. Sentensi moja tu. Hata hiyo ilishindikana?

"Sasa wewe wa Tandika inakuhusu nini?" Inanihusu kwa sababu nimeshaona kumbi zetu. Bwana harusi Mpare, bibi harusi Mnyakyusa, MC anatangaza "sasa tunarudi kwenye asili yetu!", wanaingia vijana wanne wamefungwa mashuka mekundu, wanaruka mbele ya keki. Sio Wamasai, ni vijana wa kukodi, shuka limenunuliwa Kariakoo asubuhi ile. Na pembeni meza ya tatu amekaa bibi wa Kipare anajua nyimbo za harusi za kwao zote, hakuna aliyempa kipaza sauti hata dakika mbili. Kamati ilikuwa na bajeti ya fataki.

Kwa hiyo wale wa "wazungu ni wazungu tu" nawasubiri hapo chini kwenye komenti. Msije na matusi, jibuni hili tu: ile klipu ingekuwa ya mzungu kajipaka masizi, kavaa lubega, anaruka kwenye harusi ya rafiki yake London na maandishi juu "upande wa Tanzania", mngetuma vikopakopa?