Meza yangu inacheza
Kijiwe cha Maneno, na Salim Mwinyikondo

Wiki iliyopita nilikwenda Keko kuchukua meza yangu. Fundi akaigonga juu kwa kiganja, akausifia mninga wake weee, mimi nikaegemeza kiwiko tu, ikacheza. Mguu mmoja mfupi. "Mzee wangu, meza haina neno, ni sakafu hii," akasema, huku anakunja kipande cha boksi na kukichomeka chini ya mguu. Nikalipa.

Njiani nikamkumbuka msomaji wangu mmoja asiyechoka kunikaripia: eti neno meza ni la Mreno, tulitupe tutafute letu. La Mreno ni kweli. Mesa, ambayo naye huitamka kwa z kama sisi, ilishuka pwani na jamaa zake bendera na mvinyo, baada ya meli za Vasco da Gama kutia nanga mwaka 1498. Mreno naye kairithi kwa Warumi, waliosema mensa.

Lakini hebu atazame wenye Ulaya yao. Mfaransa, mjukuu wa Mrumi huyohuyo, aliiacha mensa akashika tabula, yaani ubao, ikawa table. Mwingereza akaikopa kwake, ikafika hadi kwa watoto wetu wanaokaririshwa tebo ya saba. Kabla ya mkopo huo meza yake aliiita bord, ubao vilevile, na Waswidi hawajaliacha neno hilo mpaka leo. Wakubwa walioizunguka meza nao wakaitwa kwa jina lake, ndiyo hii bodi ya wakurugenzi inayotupandishia bei.

Mjerumani ndiye aliyenichekesha. Tisch yake asili yake ni diskos, kile kisahani cha kurusha cha Wagiriki, iliyopita kwanza kwa Warumi. Ukoo huohuo ndio uliotuletea diski ya kompyuta na dishi lililo juu ya paa langu. Kwa hiyo kijana wa mjini akisema fulani dishi limeyumba, ametaja binamu wa meza ya Berlin. Na ukifika Moscow, chunga: stol ni meza, ilhali ndugu yake wa Kijerumani, Stuhl, ni kiti, na wa Kiingereza ndiyo stuli yetu ya baa.

Wagiriki wenyewe hawakuhangaika na ubao wala kisahani. Walitazama chini, wakahesabu miguu: trapeza, yenye miguu minne. Neno hilo limo tayari kwenye vibao vya udongo vya enzi za Mycenae, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mwanafunzi wa hisabati analijua kama umbo. Lakini aliyelitajirisha ni mbadili fedha wa Athens, aliyepanga sarafu zake mezani sokoni mpaka kazi yake ikaitwa kwa jina la meza. Mmoja wao, Pasion, alianza akiwa mtumwa wa wenye kazi hiyo, akaachiwa huru, akafa mwaka 370 KK akiwa raia na tajiri wa kutajwa. Zile meza ambazo Yesu alizipindua hekaluni, katika Injili ya Kigiriki ni neno hilohilo. Leo pale Athens trapezi ni meza ya kulia na trapeza ni benki. Ukikosea irabu moja, umekwenda kuomba mkopo badala ya chakula.

Waitalia nao walifika hapohapo kwa njia nyingine. Banco lilikuwa benchi la mbadili fedha, nalo walilipata kwa makabila ya Kijerumani. Benki na benchi, basi, ni watoto wa tumbo moja.

Sasa, msomaji wangu, kila mtu akirudisha alichokopa, nani huko Ulaya atabaki na pa kuwekea sahani?

Meza yenyewe ipo sebuleni. Boksi limeshapondeka, inacheza tena, na fundi hapokei simu. Mgiriki angeiona hii, angehesabu miguu mitatu na boksi, akaitafutia jina lake.