Usiseme "Ni Uzee Tu"

Wadau, leo sina vichekesho. Leo ni stori ya cucu.

Cucu ana ule ugonjwa wa kusahau, demensia. Mimi nilipewa jina la guka, kwa hivyo tangu utotoni alikuwa ananiita mume wake, tunacheka. Siku hizi akiniita hivyo hatanii. Ananiuliza kama nimefunga ng'ombe. Na kwa sababu mimi ndiye niliyeacha chuo nikarudi Karatina, kazi ya kumlisha iliniangukia.

Julai iliyopita, kwa ile baridi yetu ya mlima, alibadilika ndani ya siku mbili. Analala mchana kutwa, uji unabaki mdomoni. Hakohoi, mwili hauchomi. Kila mtu nyumbani: "Ni uzee tu." Nami nikakubali, ju ilikuwa rahisi kukubali. Siku ya tatu nikaona anapumua mbio kama mtu aliyepanda mlima, na amelala tu. Tukakimbia hospitali. Nimonia.

Daktari akaniuliza swali lililonikata maini: "Huwa anakula akiwa amekaa ama amelala?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa namlisha ameegemea mto, kijiko mkono huu, simu mkono ule. Akimaliza namlaza, narudi kwa video zangu.

Kumbe ubongo ndio huongoza koo. Demensia ikizidi, kumeza kunavurugika. Chakula, maji, hata mate yaliyobeba bakteria za mdomoni, yanateleza kuelekea mapafuni. Wewe ungekohoa mpaka machozi yatoke. Yeye kikohozi kimelegea, na hawezi kukwambia kifua kinamuuma. Ongeza kushinda kitandani, meno yasiyosuguliwa na moshi wa kuni. Ndiyo maana nimonia huua watu wengi wenye demensia, si hapa tu, dunia nzima.

Sasa hapa ndipo nina shida na sisi. Mtoto akipumua mbio, ploti nzima inaamka. Tangu 2011 watoto Kenya wanachanjwa dhidi ya bakteria inayoleta nimonia. Mzee akipumua mbio, watu wanaanza kunong'ona kuhusu shamba. Uzee si ugonjwa. Demensia kwa kawaida humbadilisha mtu polepole, miezi na miaka. Akibadilika ghafla ndani ya siku, kuna kitu kingine, na hicho kinaweza kutibiwa.

Na wengi wetu vijana tunaoitwa wakaa-bure ndio tunawatunza hawa wazee. Wakubwa wako Nairobi, wanatuma M-Pesa. Mama akijifungua, kliniki inamfunza kunyonyesha. Sisi tunapewa bakuli na kijiko, basi. Mimi nasema anayemtunza mzee naye afunzwe, na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumbani wakiulizia watoto waulizie na cucu.

Kabla hiyo ifike, fanya hivi. Mkalishe wima, na abaki hivyo angalau nusu saa baada ya kula. Kijiko kidogo, ngoja ameze. Msafishe mdomo asubuhi na jioni. Kama anaweza kutembea, mtembeze. Akikohoa kila anapokunywa maji, mwambie daktari, na uulizie chanjo ya mafua na ya nimonia. Akianza kupumua mbio, kukataa chakula au kuchanganyikiwa ghafla kuliko kawaida yake, mpeleke siku hiyo hiyo. Usingoje siku tatu kama mimi.

Cucu alirudi nyumbani, lakini hafiki tena langoni. Sijui kama zile siku mbili zingebadilisha kitu, na hilo swali haliniachi. Sasa jioni namkalisha, simu naiacha chumba kingine. Ananiuliza kama nimefunga ng'ombe. Ng'ombe tuliuza zamani. Namjibu nimefunga, anafungua mdomo, tunaendelea.

Kama una mzee hapo nyumbani, maoni yatangoja. Nenda umkalishe vizuri kwanza.