Afande, faili la mdogo wangu limefika wapi?

Mwenzenu nipo, ila wiki hii siwaandikii kutoka kijiweni kwetu Dar. Niko Lushoto, nimevaa sweta mbili na bado meno yanagongana. Nimeitwa na mama. Na mama wa Kisambaa akikuita humwambii "nina kazi", unapanda basi.

Kilichonileta huku ni ngiri. Usicheke! Na wala siyo yangu. Ni ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu.

Stori yenyewe iko hivi. Dogo alimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ya kumwonyesha mama huku umeangalia pembeni. Akaona asikae bure, akaenda Lukozi kubeba mizigo. Wanaoijua Lukozi wanajua shughuli yake: kabichi, karoti na nyanya zinatolewa mabondeni kwa bega na kichwa mpaka barabarani, halafu zinapakiwa kwenye malori yanayoshuka Soni, Mombo, hadi Dar, Kariakoo. Kariakoo lenyewe, kwa wasiojua, jina limetokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza enzi za vita ya kwanza, wale walioitwa Carrier Corps. Kwa hiyo dogo alikuwa mpagazi wa kupeleka mzigo kwenye soko lenye jina la wapagazi. Malipo yake yakawa kiuvimbe kwenye kinena. Akanyamaza nacho.

Likatoka tangazo la vijana wa kujitolea wa JKT. Fomu zinapitia wilayani, na anayeshughulika nazo ni mshauri wa mgambo wa wilaya, mwanajeshi ambaye kila kijana wa hapa anamwita afande tu. Dogo akapeleka vyeti, akafanya usaili, akajibu maswali yote, akakimbia, akawaacha wenzake. Ikabaki kupima afya.

Huko ndiko kulikokuwa na kasheshe. Walipanga foleni, suruali magotini, daktari anapita na glovu zake. "Kohoa." Ngiri ina tabia moja mbaya, ukisimama kimya inajificha, ukikohoa inachungulia. Dogo analijua hilo, akakohoa kistaarabu kama mgeni aliyeingia msikitini amechelewa. Daktari akamtazama. "Kijana, kohoa kama mtu mwenye kifua." Akakohoa. Ngiri ikajitokeza kupiga saluti.

Hakupewa karatasi yoyote ya msamaha. Afande alimwambia maneno haya tu: "Nenda katibiwe, ulete barua ya daktari, tutaangalia." Familia nzima imekuwa ikiishi ndani ya hilo neno "tutaangalia" tangu siku hiyo. Maana tangazo lina ukomo wa umri kwa kila kiwango cha elimu, na dogo mwaka huu yumo, mwakani hayumo. Lango likifungwa ni Lukozi moja kwa moja, na kwa Lukozi ngiri ya pili haiko mbali.

Najua msomaji wangu wa mjini unauliza, kwani huko JKT kuna nini? Swali zuri. JKT ilianza tarehe 10 Julai 1963. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga isifanywe ya lazima, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Ile ya lazima ikasimamishwa mwaka 1994, ikarudi mwaka 2013. Kwenye matangazo wanasema wazi kabisa kwamba kujitolea siyo ajira, hakuna anayeahidiwa kazi. Lakini kila kijana anajua kwamba jeshi, polisi na magereza wakitafuta watu huwa wanawatazama waliopita JKT. Basi leo yale mambo yamegeuka. Wasomi wa 1966 waliikataa, dogo wangu anaficha ngiri aipate.

Mama akauza ndama, dogo akapasuliwa. Kabla ya hapo washauri walijaa, si unaijua mitaa yetu! Mmoja akaleta mizizi ya kuchemsha, mwingine unga wa kulamba asubuhi na jioni. Daktari alieleza kwa lugha ambayo hata mama aliielewa: ukuta wa misuli ya tumbo umepata tundu, utumbo unachungulia hapo, na mzizi hauwezi kuziba tundu. Linashonwa. Ukichelewa, utumbo unaweza kunasa, damu ikakatika, hapo siyo suala la JKT tena, ni suala la uhai.

Sasa kufuatilia. Mama akasema, "Kaka yako anajua kuongea, anaandika gazetini, atakwenda yeye." Nikaona nimepata cheo.

Safari ya kwanza afande hakuwepo, yuko kijijini kufundisha mgambo. Safari ya pili nilimkuta. Nikaingia kwa mbwembwe, nikajitambulisha kwa jina na gazeti langu, nikitegemea kiti. Afande akanyanyua macho, akaniuliza, "Hilo gazeti ndilo lile lenye picha za warembo ukurasa wa katikati?" Nikajibu ndiyo, afande. "Subiri nje." Nilisubiri nje saa tatu, na ubaridi wa Lushoto hauna huruma na mwandishi.

Siku hiyo sikuambulia kitu isipokuwa "faili lipo". Nikakosea zaidi. Jioni nikapiga simu, kesho yake nikapiga asubuhi, mchana nikatuma ujumbe, keshokutwa nikapiga tena. Mara ya tano akanijibu kwa upole ulionitisha kuliko ukali. "Kijana, mimi nina majina ya wilaya nzima humu. Ukinipigia mara tano, faili la mdogo wako haliendi mara tano. Nipigie Ijumaa, saa nane mchana. Siku nyingine usinipigie."

Nikamweleza hili binamu yetu aliyeko Houston, akacheka sana. Yeye ana karatasi zake za ukaazi, anataka kuingia jeshi la Marekani, na amekwama kwa sababu ya pumu. Kule ukiwa umeugua pumu baada ya kutimiza miaka 13 hupiti mpaka upewe kibali maalumu cha kusamehewa, na kibali hutolewa na wakubwa wa jeshi baada ya madaktari wao kusoma makaratasi ya hospitali, siyo yule sajenti anayeandikisha vijana mtaani kwao. "Nilikuwa namsumbua sajenti bure," akaniambia, "kumbe naye anasubiri kama mimi. Siku hizi simuulizi nimepita au sijapita. Namuuliza karatasi iko kwa nani, na inakosa nini."

Asikwambie mtu, hayo maneno ya binamu yalinifaa kuliko cheo changu cha gazetini. Ijumaa nikapiga saa nane kamili. Sikuuliza kama tumepita. Nikauliza, "Afande, faili la mdogo wangu linakosa nini?" Nikasikia kurasa zinafunuliwa. "Barua ya hospitali inasema amefanyiwa upasuaji. Haisemi kama anaweza mazoezi mazito. Mimi nitawaambia nini wakubwa, kwamba ameshonwa? Hata nguo inashonwa." Wiki tatu zote tumekaa tunalaumu ofisi, kumbe sentensi moja tu ndiyo haipo!

Tukarudi kwa daktari. Daktari akampima, akamkohoza, akakataa. Akasema kidonda kimekauka kwa nje lakini ndani bado, dogo asinyanyue kitu kizito, arudi wiki sita zikitimia tangu alipopasuliwa. Zilikuwa zimebaki mbili. Dogo akabembeleza, daktari akasema haandiki uongo, maana atakayepasuka mbele ya magogo kambini siyo yeye daktari.

Hizo wiki mbili ndizo zilizotaka kutuua. Usiku mmoja dogo akanivuta pembeni nyuma ya jiko. Kapata mtu. Jamaa mmoja anayejifanya ana ndugu "makao makuu", anataka laki tano, barua itapigwa muhuri kesho na jina litawekwa kwenye orodha. "Kaka, tukisubiri daktari majina yataondoka. Nikikosa mwaka huu nimekwisha." Alikuwa analia, jamani, mtoto wa kiume aliyebeba magunia bila kulalamika.

Ningekuwa muongo nikisema nilimkatalia papo hapo. Nilipiga hesabu ya laki tano kichwani, nikaona naweza kuzikopa. Matangazo ya JKT na ya JWTZ kila mwaka yanasema nafasi haziuzwi na matapeli wapo, hilo nalijua, nimeliandika mwenyewe kwenye gazeti hili. Lakini mdogo wako akilia gizani, ulichoandika gazetini kinakuwa mbali kidogo. Nikamuuliza swali moja tu. "Ukifika kambini watakupima tena?" Akasema ndiyo. "Na huko watakwambia ukohoe?" Akanyamaza. Tukaenda kulala. Kesho yake jamaa wa makao makuu alipiga mara sita, akashusha bei mpaka laki mbili. Nafasi ya jeshi inashushwa bei kama mitumba!

Wiki sita zikatimia siku ya Jumanne. Daktari akampima, akaandika: jeraha limepona, hakuna ngiri, anaweza kazi na mazoezi mazito. Nikaipeleka mwenyewe kwa miguu, nikasema shikamoo, sikutaja gazeti. Afande akaisoma mara mbili, akagonga muhuri wa kupokelewa, akaandika kwenye daftari lake. Nikamwomba aninakilie tarehe kwenye kopi yangu, akaninakilia. Halafu akasema jambo ambalo angeweza kulisema tangu siku ya kwanza, ila labda nisingelisikia. "Mwambie mdogo wako mimi si wa kuamua. Mimi ni wa kupeleka. Wakimhitaji huko mkoani watampima, na kambini watampima. Awe tayari."

Ijumaa iliyopita nikapiga saa nane. "Limeshuka Tanga," akajibu, akakata.

Limeshuka! Sisi watu wa milimani kila kinachotuhusu lazima kishuke kwanza. Mama ameshaanza kuuliza Maramba kuna baridi au joto, na kama wanaruhusu kupeleka maharage. Dogo anaamka saa kumi na moja, anakimbia mpaka Magamba na kurudi, akifika nyumbani anasimama nyuma ya mlango na kukohoa, peke yake, mkono kinenani, anasikilizia.

Leo ninapoandika ni Jumatano. Simu ninayo mezani, salio lipo, na mpaka Ijumaa saa nane siruhusiwi kupiga.