Kabla ya kulaumu brauza, pima tena

Brauza ikijisasisha tu, skrinishoti zinaanza kuzunguka kwenye magrupu ya vijana wanaotengeneza tovuti, kuanzia Rongai hadi Kitengela: alama zimeshuka, wameiharibu! Pole pole, wasee.

MotionMark, kipimo maarufu cha uchoraji wa picha kwenye brauza, huongeza vitu kwenye skrini hadi brauza ishindwe kudumisha kasi inayotakiwa, kwa kawaida fremu 60 kwa sekunde. Yaani kila fremu ina milisekunde 16.7 tu. Chochote kinachozidokoa kinashusha alama: laptopu inayotumia betri kwa sababu stima zimepotea, simu iliyopata moto, tabo 30 ulizosahau kufunga.

Ukipanda matatu ya 125 alfajiri ufike tao haraka, kisha kesho yake saa mbili ukwame Magadi Road, huwezi kusema injini imeharibika. Rudia jaribio mara tano au zaidi, chaja ikiwa imechomekwa, toleo la zamani na jipya kwa zamu kwenye mashine ileile. Kama matokeo ya toleo moja yenyewe yanapishana kuliko tofauti unayolalamikia, huna habari ya kusambaza.

Lakini kuna kosa baya zaidi: kupuuza mshuko mdogo. MotionMark ina majaribio 8, na alama ya jumla ni wastani wa kijiometri. Jaribio moja, tuseme la kuchora mistari, likishuka nusu, jumla hupungua kwa asilimia 8 hivi. Ukiangalia jumla pekee utasema ni kawaida tu, ilhali mwenye simu ya bei nafuu anayefungua tovuti iliyojaa grafu anaona skrini ikikwamakwama. Kwenye laptopu kali ya ofisini huenda hilo lisionekane kabisa. Kwa hivyo hiyo simu yako ya kawaida, usiidharau. Ni chombo cha kupimia.

Ukithibitisha, ripoti. Chromium na Firefox hupokea ripoti kutoka kwa yeyote, bure. Andika aina ya simu, matoleo yote mawili, jaribio lililoshuka na matokeo yote, si lile baya pekee. Wahandisi wakijua toleo zuri na bovu, hujaribu la katikati, kisha katikati ya nusu iliyobaki. Hata mabadiliko yakiwa 100, lenye kasoro hupatikana kwa majaribio 7 hivi.