Mali Bila Daftari: Gusii Iuhesabu Muziki Wake wa Kucheza

Mwezi Juni 2001 jarida la Billboard la Marekani lilianzisha chati ya albamu za muziki wa kielektroniki, ambayo baadaye ilikuja kuitwa chati ya albamu za muziki wa kucheza na wa kielektroniki. Muziki huo haukuzaliwa siku hiyo. Chicago na Detroit zilikuwa zimeucheza tangu miaka ya 1980. Kilichobadilika ni kwamba watengenezaji wake walipata daftari lao, na kuanzia hapo mwenye duka, mwenye redio na mwenye ukumbi aliweza kuona ni kazi ipi inayopendwa na kwa kiasi gani. Huku kwetu Gusii, katika kaunti za Kisii na Nyamira, midundo inayopangwa kwa kompyuta na kinanda huwachezesha watu harusini, huwasindikiza abiria kwenye matatu na huvuma kwenye spika za maduka kutoka Daraja Mbili hadi Keroka. Hata hivyo hakuna anayeweza kusema kwa ushahidi ni albamu ipi iliyotangulia mwaka jana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Toleo hili tumelitenga kwa muziki wa kucheza wa Gusii, na tunalifungua kwa hoja moja: muziki huu unahitaji chati yake, kwa sababu pasipo hesabu hata malipo ya haki hayana pa kusimamia.

Anayeiona chati kuwa mchezo wa mashabiki na atazame yaliyotokea Marekani mwaka 1991. Kabla ya Mei mwaka huo, chati ya albamu ya Billboard ilitegemea wenye maduka kuulizwa ni rekodi zipi zinazouzwa sana. Muuzaji alijibu kwa kukisia, na kisio lake lilielemea upande wa muziki alioudhani ndio mkubwa. Mfumo wa SoundScan ulipoanza kusoma mauzo halisi kwenye mashine za malipo, sura ya orodha iligeuka kwa muda mfupi. Mwezi Juni kundi la rap la N.W.A lilishika nafasi ya kwanza, na mwezi Septemba Garth Brooks akawa mwimbaji wa kwanza wa kantri ambaye albamu yake iliingia moja kwa moja kileleni. Wasikilizaji wa rap na wa kantri hawakuongezeka ghafla mwaka huo. Walikuwapo siku zote, ila kipimo cha zamani hakikuwaona. Somo kwetu ni hili: muziki wa watu walio mbali na wenye kalamu huonekana mdogo mpaka mtu auhesabu kwa uaminifu.

Gusii nayo iliwahi kuwa na hesabu ya aina yake. Kutoka kwenye obokano, ala yenye nyuzi nane na sauti nzito ya chini, wanamuziki walivuka hadi kwenye gitaa na benga, na Christopher Monyoncho na bendi yake ya Riakimai wakaifanya lugha ya Ekegusii kuwa lugha ya kuchezea. Katika enzi ya santuri, duka la Chandarana la Kericho, jirani kabisa na Nyamira, lilikuwa kituo kikubwa cha kurekodi na kuuza muziki wa magharibi mwa Kenya. Santuri haitengenezwi kwa siri. Idadi inayochapwa kiwandani inajulikana, na mauzo yakikua huonekana pale duka linapoagiza tena. Kaseti ndiyo iliyovunja hesabu hiyo, kwa kuwa mtu yeyote mwenye redio ya mikanda miwili aliweza kunakili. Baadaye zikaja sidii za kuchomwa, kisha flashi na memori kadi zinazojazwa nyimbo kwa bei ya chai. Kwa hiyo kadiri muziki ulivyozidi kuwa wa kielektroniki ndivyo ulivyozidi kusambaa, na kadiri ulivyosambaa ndivyo ulivyopotelea machoni pa anayepaswa kuuhesabu.

Gharama ya upofu huo si ya heshima peke yake. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua mashirika ya kukusanya ada kwa niaba ya wanamuziki kutoka kwa redio, hoteli, matatu na vilabu. Lakini kukusanya ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kujua wimbo wa nani ulipigwa. Mwaka 2019, katika mgao mmoja wa Chama cha Hakimiliki za Muziki cha Kenya, MCSK, kila mwanachama alipata shilingi 2,530, awe nyimbo zake zilichezwa usiku kucha au hazikuguswa. Mgao sawa unaweza kuonekana kama usawa. Kwa kweli ni matokeo ya kukosa takwimu: pasipojulikana nani amefanya nini, wote hupewa kidogo. Prodyuza wa Nyamira anayeamini kwamba mdundo wake umetawala msimu mzima wa Desemba hawezi kudai zaidi, kwa sababu hana karatasi ya kuiweka mezani.

Pingamizi la kwanza ni kwamba albamu imekufa, na kwamba wasanii wetu hutoa wimbo mmoja mmoja pamoja na video yake. Ni kweli kwamba wimbo mmoja ndio unaotangulia. Lakini hata Marekani hawakuitupa albamu; mwezi Desemba 2014 Billboard ilianza kuhesabu nyimbo 1,500 zilizosikilizwa mtandaoni kuwa sawa na albamu moja iliyouzwa. Sisi hatulazimiki kuazima kanuni hiyo, maana bando ni ghali na nyimbo nyingi hupita kutoka simu hadi simu bila kugusa intaneti. Tunachoweza kujifunza ni kwamba maana ya albamu hupangwa kulingana na namna watu wanavyosikiliza. Muziki wa kucheza tangu zamani umekubali kwamba mkusanyiko uliounganishwa na dijei ni kazi kamili, na mikusanyiko ya namna hiyo iliingia kwenye chati ya Marekani tangu miaka yake ya mwanzo. Hapa kwetu miksi ya dijei ndiyo albamu inayonunuliwa, kuombwa na kurudiwa. Iingizwe kwenye chati, kwa sharti kwamba kila wimbo uliomo utajwe pamoja na mtunzi na prodyuza wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: chati hununuliwa. Mtangazaji huhongwa ili aupige wimbo, na mwenye pesa hujipandisha. Hatukatai kwamba hatari hiyo ipo, lakini tunauliza kama hali ya sasa ni safi zaidi. Mahali pasipo orodha ya wazi, sauti ya mwenye pesa hupita bila kulinganishwa na kitu chochote. Kinga ni kutotegemea chanzo kimoja. Kumbukumbu za nyimbo zilizopigwa na redio za Ekegusii kama Egesa FM na Minto FM zihesabiwe. Madijei wa harusi na vilabu katika miji kama Ogembo, Suneka, Nyamira na Keroka waandike walichopiga. Wauzaji wa nyimbo waandike walichoombwa. Anayetaka kuwahonga wote hao kwa pamoja atatumia zaidi ya atakachovuna. Kanuni na idadi zichapishwe pamoja na nafasi, ili msanii aliyeshindwa aweze kukagua hesabu.

Wapo pia watakaosema kwamba eneo letu ni dogo mno, au kwamba chati ya Ekegusii itatutenga na Wakenya wenzetu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na hapo hatujawataja Abagusii wa Nairobi wala wa Minnesota. Soko la watu karibu milioni mbili si dogo. Kuhusu kujitenga, Nigeria ilipata TurnTable Charts mwaka 2020, na Afrika Kusini ikazindua chati yake rasmi mwaka 2021, na hakuna anayedai kwamba muziki wa nchi hizo umejifungia tangu hapo. Kilichohesabiwa nyumbani huenda sokoni kikiwa na bei. Vivyo hivyo, nyimbo za Injili zinazochezwa kwa midundo ya kompyuta zisiachwe nje kwa sababu ya maneno yake. Chati hii ipime mdundo na mwitiko wa wachezaji, bila kuuliza wimbo ulianzia kanisani au kilabuni.

Kazi hii haihitaji mashine za gharama. Inahitaji redio zikubali kutoa kumbukumbu zao, madijei wakubali kuandika majina, na serikali za kaunti zione kuwa muziki ni uchumi kama chai na ndizi. Ukurasa wa jarida hili uko wazi kuichapisha orodha hiyo kila robo mwaka mara itakapokusanywa kwa kanuni zinazokubalika. Wasanii wa Kisii na Nyamira wamekwisha kufanya sehemu yao, kwa kuwa watu wanacheza. Zamu ya kuandika ni ya sisi tunaofaidi jasho lao.