Ziwa Linaanzia Mushaki

Amani kwanza, ziwa baadaye. Tangu vita virudi Masisi, mashariki mwa Kongo, sijaona mkutano juu ya Ziwa Kivu uliomalizika bila mheshimiwa fulani kusimama na kuyasema maneno hayo. Ukumbi hupiga makofi, kisha watu huenda kula. Toleo hili limetayarishwa kwa kukasirishwa na makofi hayo.

Wasomaji wetu hawahitaji kusimuliwa tena mkataba wa 2014 uliozaa ABAKIR, mamlaka ya bonde la Kivu na Mto Ruzizi, wala jinsi ulivyosubiri kuridhiwa miaka nenda miaka rudi. Wanajua pia kwamba Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwamba Jumuiya hiyo ilipopanda Masisi Machi 2023 ilipanda na askari wa Burundi. Kama kwenye malori yale alikuwamo bwana mazingira hata mmoja, hakuna aliyetuambia.

Wanaosema amani kwanza wanasahau kilichopita mbele ya macho yao. Bwawa la Ruzizi II linatoa umeme tangu 1989 kwa niaba ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Tangu 1996 majirani hawa wamepigana, wametuhumiana na wamefungiana mipaka. CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya nchi hizo tatu, iliyoanzishwa 1976 na kuwa mzazi wa mradi huo, imelala usingizi mrefu. Umeme umeendelea kugawanywa, kwa deni na kwa lawama, lakini umegawanywa. Hawakuwa wanapendana. Ni kwamba kuna mita, kuna ankara, na kuna mji unaobaki gizani mtu akileta ujeuri. Ukitaka kujua serikali za Maziwa Makuu hutii mkataba wakati gani, usisome hotuba za marais. Tazama palipo na mita.

Sambaza, samaki wadogo wa Kivu, hawana mita. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati pwani zote mbili zilikuwa chini ya Mbelgiji, na mpaka leo hawapangi foleni mpakani Petite Barrière. Rwanda hufunga uvuvi miezi miwili kwa mwaka ili samaki wakue. Upande wetu wa Kongo, sheria ya uvuvi tuliyoirithi ni amri ya kikoloni ya 1937, na wavu wa kaningini unatandazwa majini karibu na nyumba za wakubwa. Nani atamlaumu mvuvi wa Goma anayeuliza kwa nini ajizuie kwa ajili ya samaki atakayevuliwa kesho ng'ambo? Na nani atamlaumu wa Rubavu, Rwanda, anayeuliza hivyohivyo? Kufunga ziwa nusu ni kumwekea jirani akiba.

Sasa nifike ninakotaka kufika, nako ni Mushaki, milimani Masisi. Najua baadhi ya wenzangu wa bodi wanaona ni kituko kwa jarida la mambo ya maji kuanzia mlimani, kwenye ng'ombe na jibini. Lakini mitelemko inayotazama Sake humwaga maji yake Kivu; mingine humwaga Osso, kisha Lowa, hadi Walikale na mbele zaidi. Mvua ikinyesha juu huko, udongo unaoteremka upande wa Sake unaelekea ghuba ya Kabuno. Na Kabuno si ghuba ya mchezo. Kizingiti cha kina kifupi kinaitenga na ziwa kubwa, na maji yake yaliyojaa gesi yanaanza takriban mita 11 tu chini ya uso, ilhali katika ziwa kubwa gesi nyingi imelala chini ya mita 260. Anayeishi Sake hahitaji somo juu ya hewa inayoua, mazuku yamemfundisha. Anayetaka mfano wa mbali anao wa Ziwa Nyos, Kameruni, ambako mwaka 1986 gesi iliyotoka ziwani iliua watu zaidi ya 1,700 kwa usiku mmoja.

Kwa uchimbaji wa gesi ya Kivu kuna masharti ya kitaalamu tangu 2009: uvute maji kutoka kina gani, uyarudishe wapi. Kampuni zinakaguliwa, kwa sababu megawati zinauzwa. Kwa tope, sharti liko wapi? Tope linafunika maji ya kando, na ni kando huko ambako sambaza wadogo hukulia. Sheria ya mazingira ya Kongo ya 2011 na ile ya maji ya 2015 ni sheria nzuri. Sijui mkulima mmoja wa Karuba aliyewahi kuona sura ya mtu aliyetumwa kuzitekeleza.

Vita navyo vikafanya kazi yake. Mwaka 2023 watu wa Masisi, wa Mushaki wakiwamo, walikimbilia kambi kama Bulengo, ukingoni mwa ziwa. Walikata kuni walipozipata, wakanywa maji ya ziwa, kipindupindu kikawafuata. Februari 2025, waasi wa M23 wakiwa wameshaichukua Goma, kambi zikavunjwa na watu wakaambiwa warudi vijijini. Wamerudi milimani wakiwa na njaa, na mwenye njaa analima mteremko wowote. Kumwambia mama huyo asubiri amani ndipo afundishwe tena kupanda majani ya kuzuia mmomonyoko ni kutaka ziwa lisubiri pamoja naye. Ziwa halisubiri.

Pendekezo langu halitawapendeza wenye mabwawa: sehemu ya ankara ya umeme wa Ruzizi irudi milimani, ilipwe kwa vikundi vya wakulima moja kwa moja, bila kupitia ofisi ya waasi wala ya waziri. Wasidai kwamba ya juu hayawahusu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kongo ikafuata Desemba 2017, na bado mitambo ya Ruzizi I inasakamwa na takataka zilizoelea kutoka ziwani. Wanalipia uzembe wa juu tayari. Tofauti ni kwamba wanaulipia umechelewa.

Katika kurasa zinazofuata, makala ndefu kuliko zote ni juu ya Tanganyika, ambako nchi nne zilikubaliana kufunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na Tanzania ikafunga kweli mwaka 2024. Isomeni polepole, hasa sehemu ya bei ya dagaa Kigoma. Makala ya Ziwa Edward inawafuata wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanaokamatwa na wanamaji wa Uganda. Mwandishi ana huruma nyingi kuliko nilizonazo mimi kwa nyavu zao. Ya pwani ya Moanda ni fupi na imejaa mafuta.

Makala ya mwisho inanipinga waziwazi. Mwandishi wake, mwanasheria, anasema kulipa wakulima katika eneo lisiloshikwa na serikali ni kuwahalalisha wanaolishika. Nimemwomba aeleze katika toleo lijalo nani, kwa maoni yake, azuie udongo wa Mushaki mvua za Septemba zikianza.