Arusha haimtawali mtu

Tangu Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lianze Julai 2010, dai la kwanza kwenye vijiwe vya Tanzania limekuwa ardhi: majirani watakuja kununua mashamba yote. Anayesema hivyo hajaifungua Itifaki. Ibara ya 15 inaacha suala la ardhi chini ya sera na sheria za kila nchi, na Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 haimmilikishi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Tuendelee.

Dai la pili ni la wasomi, kwa hiyo hutamkwa kwa kujiamini zaidi: Arusha, makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, imeyapora mabunge yetu madaraka. Kwa mkono upi? Mkutano wa Wakuu wa Nchi huamua kwa maafikiano, hivyo rais mmoja akikataa, jambo limekwama. Bunge la Afrika Mashariki hupitisha miswada, lakini hauwi sheria hata mmoja mpaka wakuu wote wauridhie. Mahakama ya Jumuiya ndiyo iliyothubutu. Novemba 2006, katika kesi ya Anyang' Nyong'o na wenzake, ilizuia wabunge wa Kenya katika bunge hilo wasiapishwe kwa sababu ya namna walivyopatikana. Desemba ya mwaka huohuo wakuu wakaubadili mkataba wa Jumuiya: wakaongeza kitengo cha rufaa, wakapanua na sababu za kumwondoa jaji. Mporaji gani huyo anayerekebishwa ndani ya wiki chache na walewale anaodaiwa kuwapora?

Halafu kuna wale wa "Amin ndiye aliyeiua Jumuiya ya kwanza". Ni kweli, baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda 1971, Nyerere hakukubali kuketi naye. Lakini dibaji ya mkataba wa 1999, iliyoandikwa na warithi wenyewe, haimtaji Amin. Inataja utashi hafifu wa kisiasa, ushiriki mdogo wa sekta binafsi na wananchi, na faida zilizoendelea kugawanywa bila uwiano. Hayo ya mwisho yalikuwepo kabla ya 1971, Kenya ikiwa na viwanda vingi kuliko wenzake.

Na utashi huo bado hafifu. Itifaki ya sarafu moja ilisainiwa 2013, sarafu ianze 2024. Sasa tunaambiwa 2031. Ibara ya 143 ya mkataba wa Jumuiya inaruhusu mwanachama asiyetimiza wajibu achukuliwe hatua, ila hatua yenyewe huamuliwa na Mkutano wa Wakuu, ambamo mhusika naye ana kiti.